Mvinyo mwekundu kutoka mizabibu mikongwe isiyomwagiliwa: mwongozo kamili kwa kiwanda cha familia

Mzabibu wenye umri wa miaka 50 unaoishi kwa mvua peke yake hauna zabibu nyingi za kukupa. Tarajia tani 2 hadi 4 kwa hekta, wakati shamba changa lenye mabomba ya matone hutoa 10 na kuendelea. Ukiuza kwa kilo utapata hasara, na ndiyo sababu mashamba mengi ya aina hii yameng'olewa. Ukitengeneza mvinyo mwenyewe na kuuza chupa, hesabu hubadilika. Sharti lake ni moja: usiushughulikie mzabibu mkongwe kama kijana, wala mchuzi wake, yaani maji ya zabibu zilizopondwa, kama mchuzi wa shamba la kumwagilia. Karibu kila kosa linaloharibu mvinyo wa aina hii hutokana na kusahau kwamba maji yalikuwa machache tangu mwanzo.

Mfano tunaoufuata ni Cinsault ya Swartland, eneo la ngano na mizabibu kaskazini mwa Cape Town, Afrika Kusini, kuzunguka Malmesbury, Riebeek-Kasteel na mlima Paardeberg. Cinsault ni zabibu nyekundu yenye punje kubwa na maganda membamba, inayostahimili joto na kiu. Zamani Wakepu, watu wa eneo la Cape, waliiita Hermitage. Mtaalamu wa mizabibu Abraham Izak Perold alipoichanganya na zabibu ya Pinot Noir mwaka 1925, jina hilo ndilo lililozaa jina la zabibu mpya, "Pinotage". Huko hukuzwa kama kichaka kinachosimama chenyewe bila nyaya, kwa Kiafrikana bosstok. Vipimo vyote hapa chini ni vya tani 1 ya zabibu, kiasi ambacho watu 4 wanaweza kukivuna asubuhi moja na kukishughulikia bila mashine kubwa.

Hesabu ya maji

Milimita 1 ya mvua kwenye hekta 1 ni lita 10,000. Mwaka wa milimita 500 unakupa lita milioni 5. Ukiwa umepanda kwa nafasi ya mita 2.4 kwa 1.2, una mashina 3,472 kwa hekta, na kila shina lina takribani lita 1,440 za mwaka mzima. Hizo ni za kwenye karatasi. Nyingine hutiririka, nyingine huvukizwa na jua, nyingine hunywewa na magugu kabla mzabibu haujaamka.

Swartland mvua hunyesha hasa Mei hadi Agosti, mzabibu ukiwa umelala. Kiangazi chote, Novemba hadi Machi, mmea unaishi kwa akiba iliyomo udongoni. Kwa hiyo kabla ya kununua au kukodi shamba chimba mashimo 3, juu, katikati na bondeni, yenye kina cha mita 1.5 hadi 2. Unatafuta vitu viwili: mizizi iliyofika chini kweli, na tabaka la mfinyanzi au mwamba uliooza unaoshika unyevu. Udongo wa kichanga tifutifu huweka takribani milimita 100 za maji kwa kila mita ya kina, na wenye mfinyanzi huzidi hapo. Ukikuta mwamba mgumu kwenye sentimita 60, shamba hilo litakusumbua kila mwaka wa ukame, hata kama mashina yake yana miaka 80. Ukame wa 2015 hadi 2018 katika jimbo la Western Cape uliwafundisha wengi tofauti hiyo.

Kazi ya kutunza akiba huanza Aprili au Mei. Panda mazao ya kufunika udongo katikati ya mistari, kwa mfano rai au shayiri pamoja na jamii ya kunde, mvua za kwanza zinapogusa ardhi. Majani yake huzuia mmomonyoko na mizizi hufungua njia za maji. Halafu yaue mapema, yaani yalaze kwa rola au yafyeke mwishoni mwa Agosti kabla macho ya mzabibu hayajafumuka, na uyaache juu ya udongo kama matandazo. Mkulima anayechelewa wiki 3 kwa sababu nyasi "zinapendeza" amezinywesha nyasi maji ya Januari. Magugu yanayoota baadaye chini ya mashina yapalilie kwa jembe la juujuu, sentimita 5, usikate mizizi.

Kwa msomaji wa Dodoma: kalenda hii haihamishiki moja kwa moja. Kule mvua hunyesha takribani Desemba hadi Aprili, mzabibu ukiwa macho, hakuna baridi ya kuulaza, na mavuno ni mara 2 kwa mwaka kwa kupogoa mara 2. Mavuno ya masika huandamwa na kuoza, ya kiangazi huhitaji maji. Hesabu ya milimita na lita inafaa popote, na yote yaliyoandikwa kuanzia siku ya kuvuna yanafaa kwa Makutupora nyekundu, zabibu ya Dodoma, kama yalivyo, isipokuwa tarehe.

Ramani ya mashina

Tembea shamba zima mara moja wakati zabibu zinageuka rangi, kwa kawaida mwishoni mwa Desemba au Januari, ukiwa na riboni za rangi 3. Mashina yenye nguvu, riboni ya kijani. Dhaifu lakini mazima, njano. Yenye ugonjwa, nyekundu. Kazi hii ya siku mbili inakusaidia miaka mitano.

Majani yakigeuka mekundu mapema huku mishipa yake ikibaki ya kijani na kingo zikijikunja chini, shuku virusi vya kukunja majani. Zabibu za shina hilo huiva taratibu na hazipati sukari wala rangi. Virusi hivi hubebwa na vidung'ata, wale wadudu weupe wenye unga, na ukiona sisimizi wakipanda na kushuka shinani waangalie vizuri, maana sisimizi huwalinda vidung'ata kwa ajili ya utomvu wao mtamu. Usichukue vijiti vya kuzalisha kutoka kwenye shina lenye riboni nyekundu, hata kama ndilo kongwe kuliko yote.

Mapengo yatakuwepo. Shamba kongwe lenye robo ya mashina yaliyokufa ni la kawaida. Kishawishi ni kulaza tawi la jirani udongoni lipate mizizi, kwa sababu ni rahisi na halina gharama. Lakini mmea huo utakuwa umesimama kwenye mizizi yake wenyewe, na chawa wa mizizi aitwaye filoksera, aliyegunduliwa Kepu mwaka 1886, bado yupo. Panda mche uliobebeshwa kwenye shina la Kimarekani lisilouawa na chawa huyo na linalovumilia kiu, kama Richter 99. Chimba shimo pana, maana mizizi ya majirani wazee itaupora mche maji. Mche huu ndio pekee unaoruhusiwa maji: lita 10 hadi 20 kila wiki 2 au 3 kwa viangazi viwili vya kwanza, kwa ndoo yenye tundu dogo ili yashuke polepole. Mwaka wa tatu acha. Ukiendelea kumwagilia kidogo kidogo mizizi itabaki juu na mmea hautajitegemea kamwe.

Kupogoa

Pogoa Julai hadi katikati ya Agosti, siku kavu, na utabiri wa siku mbili tatu bila mvua. Sababu ni ukungu wa Eutypa: mbegu zake husambaa mvua inaponyesha, hutua kwenye jeraha bichi, na baada ya miaka kadhaa mkono mzima wa mzabibu hufa. Shina la miaka 60 haliuawi na kiu mara nyingi, linauawa na msumeno wa mtu mwenye haraka.

Kichaka kizuri kina mikono 4 hadi 6 iliyotawanyika kama vidole vya kiganja kilichofunguliwa, katikati wazi. Juu ya kila mkono acha kikonyo 1, yaani kipande kifupi cha tawi, chenye macho 2. Shina la riboni ya kijani linaweza kubeba vikonyo 6, yaani macho 12. La njano lipe vikonyo 3 au 4 tu. Kulipunguzia mzigo mwaka huu ndiyo dawa yake, kwa kuwa mbolea bila maji haisaidii.

Kata jeraha dogo kila inapowezekana, kwenye mti wa mwaka 1 au 2. Ukilazimika kukata mkono mnene, acha kisiki chenye urefu sawa na unene wake, kwa sababu mti hukauka kuelekea ndani kutoka kwenye mkato, na kisiki hicho ndicho kitakachokauka badala ya njia ya utomvu. Paka majeraha makubwa dawa ya kuzibia siku hiyohiyo. Mashina ya riboni nyekundu yapogoe mwisho, kisha usafishe mkasi kwa spiriti.

Majani na ubwiri

Oktoba, machipukizi yakifika sentimita 15, toa kwa mkono yote yaliyoota kwenye shina na chini ya mikono. Yakiwa machanga huvunjika kwa kidole. Yakikomaa utahitaji mkasi na utaacha jeraha.

Ubwiri unga ndio ugonjwa mkuu wa sehemu kavu. Pulizia salfa ya unga machipukizi yakiwa sentimita 10 hadi 15, rudia kila siku 10 hadi 14 mpaka zabibu zianze kugeuka rangi. Usipulizie joto likizidi nyuzi 32, utaunguza majani. Acha kabisa wiki 5 kabla ya kuvuna, kwa sababu salfa iliyobaki kwenye maganda hugeuzwa na hamira kuwa harufu ya yai viza.

Usinyonyoe majani yanayofunika vichala upande wa magharibi. Vitabu vya nchi za baridi vinashauri kufungua vichala vipate jua. Swartland mwezi Februari ushauri huo unakupa zabibu zilizoiva kama za kuchemshwa.

Siku ya kuvuna

Cinsault huiva kati ya mwisho wa Januari na mwanzo wa Machi kulingana na mwaka na mteremko. Anza kupima wiki 3 kabla ya tarehe unayoidhania, kila siku 4, na wiki ya mwisho kila siku 2.

Sampuli ya kweli ni punje 200, hakuna vichala ndani yake. Chukua punje moja moja kutoka mashina tofauti, pande zote mbili za mstari, mara juu ya kichala, mara chini, mara nyuma. Jicho hupenda punje nzuri, basi jilazimishe kushika bila kutazama. Sampuli za riboni ya kijani na njano ziweke mbali. Mashina dhaifu huwahi kuiva, wakati mwingine kwa siku 7 hadi 10, na ukizichanganya wastani utakudanganya: nusu mbichi, nusu imenyauka, na kipimo kinasema "tayari".

Ponda kwa mkono ndani ya mfuko, chuja, pima. Sukari, ambayo huko hupimwa kwa digrii za Balling, lenga 21.5 hadi 23. Zidisha kwa 0.58 upate makadirio ya pombe: 22 inakupa takribani asilimia 12.8. pH, kipimo cha ukali wa asidi ambacho hushuka asidi ikizidi, lenga 3.3 hadi 3.5. Asidi jumla gramu 5.5 hadi 6.5 kwa lita. Tafuna mbegu pia. Ikiwa kahawia na inavunjika kwa ukavu kama njugu iliyokaangwa, imeiva. Ikiwa kijani na inakwaruza ulimi, subiri.

Mwaka wa ukame mkali utaona jambo la ajabu: Balling inapanda kwa kasi lakini mbegu bado kijani. Hapo sukari haiongezeki. Punje ndiyo inayopoteza maji na sukari ileile inakuwa nzito zaidi. Mzabibu umefunga matundu ya majani na kuacha kufanya kazi. Usisubiri ladha iliyoiva, haitakuja. Vuna.

Anzeni kuvuna alfajiri kwa taa za kichwani na mmalize kabla ya saa 3 asubuhi. Tumia kreti za kilo 15 hadi 18, zisijazwe kupita ukingo, kwani maganda ya Cinsault hupasuka kwa uzito wa zabibu nyingine na nyuki hufika kabla yako. Ukiwa na chumba cha baridi, laza kreti usiku mmoja kwenye nyuzi 10 hadi 12. Bila chumba cha baridi, kivuli na upepo wa usiku vinatosha, alimradi ufanye kazi alfajiri inayofuata.

Chambua juu ya meza: majani, vichala vilivyooza, punje zilizokauka. Za kukauka ni za kuangalia kwa makini. Ziache chache tu, maana huloweka ndani ya mchuzi na kutoa sukari baada ya siku 2. Ndiyo sababu Balling ya siku ya kwanza haiaminiki: lazima ipimwe tena siku ya pili, na hiyo ya pili ndiyo uiandike kwenye daftari.

Kuchachusha

Tayarisha matangi 2 ya wazi ya plastiki ya chakula, ya lita 700 kila moja, usizidishe robo tatu. Maganda yatainuka. Osha kwa maji moto, kisha kwa myeyusho wa asidi ya sitriki wenye salfaiti kidogo. Usitumie jiki popote karibu na mvinyo wala mbao. Klorini ikikutana na mbao na ukungu huzaa harufu ya gunia lililolowa ambayo haitoki tena.

Tenganisha punje na vikonyo vya vichala. Ukipenda harufu ya viungo na mvinyo wenye uti wa mgongo, weka asilimia 20 ya vichala vizima chini ya tangi, kwa sharti kwamba vikonyo vimeanza kuwa kahawia. Tafuna kimoja: kikikuletea ladha ya majani mabichi, ondoa vyote. Vikonyo pia huleta potasiamu na kupandisha pH, basi ikiwa tayari uko 3.6, acha.

Ongeza salfa dioksidi, kinga ya mvinyo dhidi ya vijidudu, miligramu 30 kwa kilo. Unga wa potasiamu metabaisalfaiti una asilimia 57 tu ya salfa dioksidi, kwa hiyo tani 1 inahitaji gramu 53 za unga, uyeyushwe kwenye maji kidogo na kuchanganywa sawasawa. Ikiwa pH imezidi 3.6, ongeza asidi ya tartariki sasa, kabla ya hamira kuanza. Gramu 1 kwa lita hushusha pH kwa takribani 0.1, na tani 1 ina karibu lita 700 za mchuzi, basi ni gramu 700. Anza na nusu, pima, halafu ongeza.

Sasa jambo ambalo wengi hulipuuza. Mizabibu mikongwe kwenye udongo mkavu, maskini, mara nyingi hutoa mchuzi wenye naitrojeni kidogo. Naitrojeni ndiyo chakula cha hamira, na hamira yenye njaa hutoa harufu ya yai viza, kisha hufa sukari ikiwa bado ipo. Peleka sampuli maabara siku mbili kabla. Kwa Balling 22 unataka takribani miligramu 200 kwa lita. Ukipata 150, pungufu ni 50. Chumvi ya diamoniamu fosfeti gramu 1 kwa lita huleta miligramu 212, hivyo kwa lita 700 unahitaji gramu 165. Gawa mara mbili: nusu ya kwanza Balling ikishashuka digrii 2 au 3, ya pili theluthi moja ya sukari inapoisha. Baada ya nusu ya safari usiongeze tena. Hamira haitaitumia, ila bakteria wabaya wataitumia.

Hamira: una njia mbili. Ya dukani ni gramu 200 hadi 250 kwa tani, iloweke kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 40 mara kumi ya uzito wake kwa dakika 20, kisha izoeshe mchuzi kidogo kidogo mpaka tofauti ya joto iwe chini ya nyuzi 10. Ya shambani ni nzuri zaidi kwa ladha lakini inataka nidhamu. Siku 5 hadi 6 kabla ya mavuno vuna kilo 30 safi kabisa, zigawe kwenye ndoo 3, ponda, funika kwa kitambaa, weka kwenye nyuzi 22 hadi 25. Zikishuka hadi Balling 10 nusa kila moja. Inayonukia matunda na mkate, tumia. Inayonukia dawa ya kutolea rangi ya kucha, mwaga bila huruma. Watu huharibu tani nzima kwa kuionea huruma ndoo moja.

Joto ni adui wa pili. Kila digrii ya Balling inayochachuka hutoa joto la kupandisha mchuzi nyuzi 1.3 kama haliwezi kutoka. Safari nzima ya 22 ni karibu nyuzi 29, juu ya zile 18 ulizoanza nazo. Cinsault inapenda 22 hadi 27. Ikivuka 32 hamira huchoka, karibu na 35 hufa. Pima katikati ya tabaka la maganda, maana chini kabisa patakudanganya. Gandisha chupa za plastiki za lita 5 zilizojazwa maji, zioshe nje, zitumbukize, badilisha zikiyeyuka. Chupa 4 kwa tangi hutosha siku nyingi, lakini ziwe nyingine 4 zimeshaganda.

Sukuma maganda chini mara 2 kwa siku mwanzoni, kwa ubao wa mviringo wenye mpini, dakika 5 tu. Balling ikifika 5 punguza hadi mara 1. Cinsault haina rangi nyingi ya kutoa na ukiikamua kwa nguvu utapata uchungu wa mbegu badala ya rangi. Mvinyo mwepesi wa rangi ndio wake. Anayetaka mweusi apande Syrah.

Tahadhari ya uhai: lita 1 ya mchuzi hutoa karibu lita 60 za kabonidaioksidi. Lita 700 hutoa mita za ujazo 40, yaani chumba kizima cha mita 4 kwa 4 chenye urefu wa 2.5. Gesi hiyo ni nzito, hulala chini, haina rangi. Fungua milango ya pande mbili, usifanye kazi peke yako, usiingize kichwa tangini, na kamwe usiingie ndani kuokoa mtu au kitu. Mshumaa haukuhakikishii usalama, utazimika umeshachelewa.

Andika Balling na joto asubuhi na jioni. Ikishuka chini ya nusu digrii kwa siku 2 na bado uko 3 au 4, inakwama. Kwanza rekebisha joto, irudishe 22 hadi 24, koroga mashapo. Kama haijaamka kwa siku 2, anzisha hamira mpya inayostahimili pombe kwenye lita 20, maji nusu na mvinyo nusu, pamoja na sukari kidogo, na uongezee mvinyo uliokwama taratibu, kila mara kiasi sawa na kilichopo.

Kukamua na bakteria

Kwa kawaida siku 8 hadi 12 zinatosha. Haidromita, kile kipimo cha Balling kinachoelea, ikionyesha chini ya -1, thibitisha maabara kwamba sukari iko chini ya gramu 2 kwa lita. Toa mvinyo unaotiririka wenyewe kwanza, kisha kamua machicha kwa mashine ya kikapu, polepole, usizidi shinikizo la bar 1. Onja kila ndoo inayotoka. Ladha ikigeuka kavu na chungu, badili chombo. Sehemu hiyo ya mwisho ina pH ya juu, ihifadhi peke yake na uamue miezi 6 baadaye. Jumla tarajia lita 650. Acha zitulie siku 1 au 2, kisha hamisha ukiacha mashapo mazito.

Bakteria ya kugeuza asidi ya maliki kuwa ya laktiki hufanya kazi kwenye nyuzi 18 hadi 22, na hufa kwa salfa dioksidi. Kwa hiyo usiongeze salfa sasa, hata ukipata hofu. Itachukua wiki 3 hadi 8. Huu ndio muda hatari kuliko wote: mvinyo hauna kinga, basi vyombo viwe vimejaa hadi shingoni. Maliki ikishuka chini ya gramu 0.2 kwa lita, siku hiyohiyo ongeza miligramu 40 za salfa dioksidi kwa lita. Lita 650 ni gramu 46 za unga.

Pipa

Kwa Cinsault usinunue pipa jipya. Mbao mpya zitaufunika mvinyo huu mwembamba kama kanzu ya mtu mnene kwa mtoto. Pipa 1 la mwaloni la lita 500 lililokwisha kutumika miaka 4 au zaidi, pamoja na vipipa 3 vya chuma kisichoshika kutu vya lita 50 kwa ajili ya kujazia, vinakutosha kabisa.

Kabla ya kununua pipa la zamani nusa ndani. Siki, ukungu au zizi la farasi ni hapana. Lijaze maji moto lita 40, liviringishe, kisha maji baridi hadi juu kwa siku 2. Likivuja baada ya hapo, mbao zimepasuka.

Pipa hupoteza mvinyo kwa kuvukiza. Katika hewa kavu ya Swartland asilimia 2 hadi 4 kwa mwaka, yaani lita 10 hadi 20. Lijaze kila wiki 2. Kipipa cha chuma kikishafunguliwa hamishia kilichobaki kwenye madumu ya kioo ya lita 20 na lita 5 yajae, usiache nafasi ya hewa. Mvinyo wa kujazia uliooza umeharibu mapipa mengi kuliko bakteria ya asili.

Salfa huru, yaani salfa dioksidi ambayo bado haijashikamana na vitu vingine ndani ya mvinyo, pima kila mwezi, na uiendeshe kwa pH, usifuate mazoea. Kwa pH 3.4 miligramu 20 kwa lita zinatosha, 3.6 unahitaji 31, 3.8 unahitaji karibu 50. Ndiyo sababu tulihangaika na pH tangu shambani. Mvinyo wa 3.8 hukaribisha chachu ya Brettanomyces, ile harufu ya zizi na plasta ya jeraha, na ikishaingia kwenye mbao pipa hilo ni la kupandia maua.

Hamisha mara 1 baada ya bakteria kumaliza, mara nyingine kabla ya chupa. Zaidi ya hapo unaupa hewa usiyoihitaji. Miezi 8 hadi 10 inatosha.

Chupa

Wiki 2 kabla, peleka sampuli ya mwisho: pombe, pH, sukari, asidi tete, salfa huru. Asidi tete, yaani asidi ya siki, ikikaribia gramu 0.8 kwa lita usiuze kama mvinyo wako bora. Rekebisha salfa huru hadi 30, subiri siku 3, pima tena. Kama sukari iko chini ya gramu 2 na maliki imeisha, huhitaji kuchuja. Toa kwa mpira kutoka juu, acha sentimita 5 za chini.

Baada ya upotevu wote utakuwa na karibu lita 600, chupa 800. Jaza kutoka chini ya chupa kwenda juu mvinyo usirushwe, acha milimita 15 chini ya kizibo, simamisha siku 1 hewa iliyobanwa itoke, kisha laza.

Afrika Kusini, ukitaka kuandika jina la zabibu kwenye lebo, angalau asilimia 85 lazima iwe zabibu hiyo. Mashamba yenye miaka 35 na zaidi yanaweza kuomba muhuri wa Old Vine Project, shirika la kulinda mizabibu mikongwe, unaoonyesha mwaka wa kupandwa. Rekodi za kupanda utahitaji kuzitafuta mapema, mara nyingi zimo kwenye daftari la chama cha ushirika ambacho shamba liliwauzia zabibu zamani.

Acha chupa miezi 3 kabla ya kuuza, kwa sababu wiki za kwanza mvinyo huwa umefunga na mteja atakulaumu bure. Kwenye lebo ya nyuma andika "Inywewe ikiwa nyuzi 14 hadi 16", kwa maana Cinsault inayomiminwa kwenye joto la chumba cha Dar es Salaam au Mombasa haitakuwa na ladha yoyote isipokuwa ya pombe. Ipoze kwanza kwenye friji.